Shilingi yenye ufa si feki, na si utajiri pia

Leo naweka programu kando kidogo (kidogo tu, msikimbie) nizungumzie koini. Ndiyo, hizi hizi tunazorudishiwa na makanga kati ya Migori na Homa Bay. Nimegundua kwamba koini yenye kasoro inawaletea watu wetu hasara mara mbili, na mara zote mbili chanzo ni kutojua inavyotengenezwa.

Hasara ya kwanza niliiona sokoni Homa Bay. Mtoto ametumwa omena, ametoa shilingi ishirini yenye mstari mwembamba uliokatiza picha. Mama muuzaji akaigeuza mara mbili, akamrudishia: "Hii ni feki, mwambie mamako akupe nyingine." Ya pili ilitokea Migori. Jirani yangu alipigiwa simu na mtu aliyemwahidi laki kadhaa kwa koini ya zamani "yenye makosa ya kiwandani", ila atume kwanza ada ya usajili. Akatuma. Simu ya yule bwana haijapatikana hadi leo.

Sisi tunaoandika programu tuna tabia moja: hatuamini hitilafu mpaka tujue imezaliwa katika hatua gani. Nadhani koini zinastahili ukali huo huo.

Basi tazama hatua zenyewe. Kwanza bamba la chuma linakatwa visahani vya duara, vitupu, visivyo na picha. Kisahani kinaingia katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mwingine chini, huku pete ikikizunguka ili kisipanuke. Mashine inagonga kwa nguvu nyingi sana, na kwa mgongo huo mmoja unapata picha za pande zote mbili pamoja na ukingo. Kisha kinachofuata, na kinachofuata. Muhuri mmoja hugonga koini malaki kwa malaki kabla ya kustaafishwa.

Hapo ndipo koini inapoachana na faili la kompyuta. Faili ukilinakili mara milioni, la milioni ni sawa na la kwanza. Muhuri haufanyi hivyo, kwani kila nakala inaula kidogo. Ukichoka sana unapata ufa, na chuma cha kisahani kikigongwa kinapenya ndani ya ufa ule. Kwa hiyo kwenye koini ufa wa muhuri hutokea kama mstari ULIOINUKA. Pitisha ukucha juu yake utausikia. Mkwaruzo wa msumari au wa sakafu ya matatu huwa umezama. Jaribio hili halihitaji mtandao wala chaji, na lingetosha kabisa pale kwenye omena: ile ishirini ilikuwa na mstari ulioinuka.

Kuchoka kwa muhuri pia watu hukuchanganya na kuchakaa kwa koini mfukoni. Mfukoni kinachoisha kwanza ni sehemu zilizo juu zaidi: shavu, nywele, mgongo wa mnyama. Muhuri uliochoka unaacha alama tofauti: herufi zinanenepa na kuvutika kuelekea ukingoni kama zimeanza kuyeyuka, na uwanja uliopaswa kuwa laini unapata mistari inayotawanyika kama miale. Herufi ikikosekana kabisa huku jirani zake ni kali, mara nyingi grisi na uchafu viliziba tundu lake kwenye muhuri. Na koini iliyomegwa upande mmoja kwa mkato safi wa mviringo? Kisahani kilikatwa pale ambapo bamba lilikuwa limeshatobolewa.

Usifikiri ni umaskini wetu. Canada, yenye viwanda vyake yenyewe Ottawa na Winnipeg, ilipotoa koini yake ya dola mbili mwaka 1996, vitovu vya baadhi yake vilichomoka. Sisi tulianza kuwa na shilingi kumi ya metali mbili mwaka 1994, na ukiishi hapa umeshaona iliyobaki pete tu. Kabla hujaiita kosa la kiwandani, tazama ukingo wa tundu. Kama pete iligongwa bila kitovu, chuma kingetiririka kuelekea ndani na tundu lingeharibika umbo. Ukiwa safi na wima, kitovu kilitoka baadaye, na pengine kwa nyundo ya mtu asiye na kazi.

Halafu kuna "makosa" ambayo si makosa hata kidogo. Koini zetu za kwanza, za 1966 hadi 1968, zina sura ya Mzee Kenyatta bila maandishi kuizunguka. Maandishi yaliongezwa 1969. Matapeli wanaiuza ile ya mwanzo kama ajabu ya mashine, kumbe ulikuwa uamuzi wa wachoraji. Vivyo hivyo koini zisizo na rais yeyote, zenye twiga, kifaru, simba na ndovu: hizo zilizinduliwa Desemba 2018 kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu kwenye pesa zetu.

Je, kosa la kweli lina thamani? Lina, kwa mkusanyaji anayelitaka, na wakusanyaji hapa kwetu ni wachache. Muhuri uliochoka haugongi koini moja, unagonga maelfu, kwa hiyo nyingi ya kasoro hizi hazizidi bei iliyoandikwa usoni. Na mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi. Akitaka ada, mwambie aikate kwenye hizo laki zake.

Kwa wenye shaka ya feki, Migori tuna bahati isiyotumika. Wanunuzi wa dhahabu kule Macalder wana mizani midogo inayosoma sehemu ya gramu. Weka koini yenye shaka, kisha weka mwenzake wa aina na mwaka ule ule. Ongeza sumaku: moja ikivutwa na nyingine ikatae, hapo una sababu ya kuuliza maswali. Mstari peke yake si sababu.

Benki Kuu hutufundisha kupapasa noti, kuzitazama na kuziinamisha. Ingefanya vyema iongeze ukurasa mmoja wa picha za koini: huu ni ufa wa muhuri, hii imemegwa kiwandani, hii imepigwa nyundo. Ubandikwe sokoni, tena kwa Kiswahili na Kijaluo, karibu na mizani ya samaki.