Malezi Nayo ni Ufundi

Ndugu zangu katika Bwana, naanza na kosa langu mwenyewe, asije mtu akasema nimekaa pembeni nawanyooshea wengine kidole.

Mama mkwe wangu alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Siku tuliyoruhusiwa hospitali tulipewa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi. Wakati huo nilikuwa bado nafundisha, mume wangu alikuwa na shughuli zake, na wifi zangu wako mbali. Nikafanya kama tunavyofanya wengi hapa Rungwe: nikatafuta binti. Nilimpata kwa jirani, muumini mwenzetu. Alikuwa amemaliza darasa la saba, mtoto mwenye adabu, mwimbaji wa kwaya ya vijana. Nilimpa godoro, blanketi mbili kwa ajili ya baridi yetu, na maelekezo ya dakika tano: uji asubuhi, dawa mara mbili, usimwache peke yake.

Hakumwacha. Alilala kando ya kitanda chake. Alimwimbia nyimbo za kanisani kwa Kinyakyusa. Alimlisha kwa kijiko kwa uvumilivu ambao mimi sikuwa nao. Na kwa kuwa bibi alilia kila alipoguswa, binti yule, kwa huruma yake, alimwacha alale chali siku baada ya siku ili asimwumize.

Wiki ya sita tukasikia harufu. Jirani yetu mmoja ambaye ni muuguzi alikuja, akamgeuza, na chini ya mgongo tukakuta kidonda ambacho ngumi yangu ingeingia. Muuguzi alikaa na binti mchana kutwa akimwonyesha: mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, mto unawekwa hivi, shuka lisiwe na unyevu wala mikunjo, visigino, nyonga na mgongo vikaguliwe kila siku, na ngozi ikianza kubadilika rangi usingoje kesho. Binti alisikiliza yote huku machozi yanamtoka. Kisha akanigeukia: "Sasa mama, kwa nini hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe sikujua, na sikuwahi kufikiri kwamba hapo kuna jambo la kujua. Nilidhani moyo mzuri unatosha. Bibi hakumaliza mwaka.

Nasema leo kwamba moyo mzuri hautoshi. Na nasema kwamba sisi kanisa tumeishi na kufundisha kana kwamba unatosha, na kwa sababu hiyo watoto wetu wachanga, wazee wetu na mabinti zetu wanaumia.

Tazameni jinsi tunavyotenda. Tukitaka kuezeka kanisa tunaita fundi, na tunauliza kwanza ameezeka wapi. Mvua ya Tukuyu haina mzaha, na hakuna mzee wa kanisa atakayesimama kwenye kikao aseme, "Tumpe kijana huyu bati na misumari, ana moyo wa kujitolea." Gari la mchungaji haliendeshwi na mtu asiye na leseni. Hata majoho ya kwaya tunampelekea fundi cherehani aliyekaa miaka na mashine yake. Lakini ikija habari ya chekechea nyuma ya kanisa, swali letu hubadilika. Hatuulizi tena nani anajua, tunauliza nani ana nafasi. Anatafutwa binti ambaye mtihani wa kidato cha nne haukumwendea vizuri, anapewa watoto arobaini na chaki, na mwisho wa mwezi anapewa kilichobaki baada ya kumlipa mlinzi. Kwa mpango huo bati limepata heshima kuliko mtoto.

Nani ametuambia kwamba kulea ni kazi isiyo na ujuzi? Mtoto akipata degedege, mlezi asiyefundishwa humkamata kwa nguvu na kumtia kijiko mdomoni. Aliyefundishwa humlaza ubavu, huondoa vitu vya hatari karibu yake, hatii kitu chochote mdomoni, na hutafuta msaada wa hospitali. Mtoto akipaliwa na karanga, nafasi ya kumwokoa ni ya dakika chache. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akinyamaza ghafla, akaanza kuogopa mtu fulani au kulia akitaka kuvuliwa nguo, mlezi anayejua kazi yake hatamwita mkaidi. Atajua kwamba huenda kuna jambo baya linafanyika, na atajua ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi. Mambo haya hayaji kwa kuwa mwanamke, wala kwa kuokoka. Yanakuja kwa kufundishwa.

Sisi Wamoravian tungepaswa kulijua jambo hili kabla ya wengine. Jan Amos Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592 na akawa askofu wa Umoja wa Ndugu, aliandika kitabu kizima juu ya malezi ya mtoto katika miaka sita ya kwanza. Alikuwa mkimbizi huko Leszno, Poland, amefukuzwa kwao kwa ajili ya imani, amefiwa na mke na watoto kwa tauni. Kitabu hicho kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1633. Ndani yake askofu hakuona aibu kushughulika na chakula cha mtoto, usingizi wake, michezo yake, usemi wake na sala zake. Aliona kwamba hapo ndipo elimu yote inapoanzia. Na wamisionari wa kanisa hilo walipofika Rungwe mwaka 1891, pamoja na Injili walileta ufundi. Useremala na uashi tumeurithi, tunajivunia. Urithi wa Comenius tumeuacha kwenye sanduku.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia kwenye vikao.

La kwanza: "Mama zetu walitulea bila cheti, na tumekua." Ni kweli, lakini hawakulea bila mafunzo. Binti wa zamani alibeba mdogo wake mgongoni huku bibi anamtazama. Akikosea kumshika, alirekebishwa palepale. Alimwona shangazi akimkanda mzazi, akamwona mama akimgeuza mgonjwa, akatumwa maji, akaachiwa kidogo, kisha akaachiwa zaidi. Ule ulikuwa uanagenzi kamili, wenye mwalimu, mazoezi na miaka ya kujifunza, ila haukuwa na karatasi. Uliovunjika ni huo. Leo mama anaondoka alfajiri kuchuma chai au kuwahi soko la ndizi Kiwira, bibi yuko kijiji kingine, na mtoto anabaki na mtoto mwenzake. Binti wa Masoko au wa Ikuti anapandishwa basi kwenda mjini kuwa dada wa kazi, anafungiwa geti na kichanga cha miezi mitatu, na hakuna bibi wa kumrekebisha. Mwenye kuwasifu mama zetu awarudishie basi mabinti walimu.

La pili: "Kulea ni wito, ni karama. Ukileta vyeti na mishahara unaondoa upendo." Neno hili linasikika kama la kiroho, lakini nimeliona likitumika mara nyingi kukwepa kulipa. Someni Kutoka sura ya 35. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu, na kazi ya Roho ndani yake ilikuwa ujuzi wa mikono, tena alipewa moyo wa kuwafundisha wengine. Karama na ufundi vilikaa katika mtu mmoja bila kugombana. Rudini sura ya pili ya kitabu hicho. Binti Farao alipomwokota Musa alimkabidhi kwa mlezi, na akaahidi kumlipa mshahara. Mlezi huyo alikuwa mama mzazi wa mtoto. Angemlea bure, angemlea hata kwa kulipia yeye. Bado alilipwa. Tutasemaje sisi, ikiwa nyumba ya Farao ilijua kumlipa mlezi na nyumba ya Bwana haijui? Tena tazameni Msamaria wa Luka sura ya 10. Tunahubiri huruma yake, ila tunaruka dinari mbili alizomwachia mwenye nyumba ya wageni pamoja na ahadi ya kulipa zaidi atakaporudi. Alijua kwamba majeruhi anahitaji mtu wa kukaa naye, na kwamba mtu huyo naye anakula.

Amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Kila mmoja wetu mwenye binti nyumbani ajiulize kimya kimya kama aliwahi kufikisha hata hizo, kabla hajasimama kutoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyombariki.

La tatu: "Hiyo ni kazi ya serikali." Serikali ina sehemu yake, na imeanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu mtoto tangu mimba hadi miaka minane, na inazitaja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ina kampasi Kisangara, wilayani Mwanga. Lakini kutoka Tukuyu hadi Mwanga ni kuvuka nchi, na binti ninayemzungumzia hana nauli ya kufika hata Mbeya. VETA nao wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa. Milango ipo. Kinachokosekana ni mkono wa kumshika binti na kumfikisha mlangoni. Ndugu zetu Walutheri wameonyesha kwamba kanisa linaweza: masista wa Ushirika wa Neema kule Moshi wamekuwa wakiwafundisha walimu wa watoto wadogo kwa njia ya Montessori. Hawakungoja kila kitu kitoke Dodoma.

Basi nasema tufanye nini. Kila ushirika wenye chekechea uchague vijana wawili, wa kike au wa kiume, maana hata mwanamume ana mikono ya kulea. Wawe wanagenzi kwa miaka miwili. Siku nne za juma wafanye kazi chini ya mlezi mzoefu, siku ya tano wakutane Tukuyu na wenzao kutoka shirika nyingine wafundishwe. Tunao wauguzi waumini, walimu wastaafu kama mimi, na wanawake waliolea watoto kumi wakawa hai wote. Ujuzi hauzeeki, tuwaombe wafundishe. Sehemu ya mafunzo ifanyike kwenye nyumba za wazee na wagonjwa tunaowaombea kila Jumapili, ili mwanagenzi ajifunze kumgeuza, kumwogesha na kumsikiliza mtu mzima bila kumvunjia heshima. Mwisho wapimwe na mamlaka inayohusika, wapate cheti kinachotambulika, sio barua ya shukrani. Na tangu siku ya kwanza walipwe posho inayojulikana, iliyoandikwa kwenye bajeti ya ushirika kama umeme unavyoandikwa.

Fedha? Ndugu zangu, tusidanganyane. Tunajua kufanya harambee. Nimekaa kwenye minada baada ya ibada, nikaona mkungu mmoja wa ndizi ukinunuliwa na kurudishwa mara nne mpaka ukafikia bei ya mbuzi, kwa sababu tulitaka vipaza sauti vipya. Tulivipata, na sasa mahubiri ya upendo yanasikika mpaka barabarani. Mwaka mmoja tu, mnada huo huo uwe wa walezi.

Kuna wakati kanisa la kwanza lilikuta wajane wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema apatikane yeyote mwenye nafasi. Walitaka watu saba walioshuhudiwa wema, wenye Roho na hekima, wakawawekea mikono mbele ya kanisa zima. Huduma ya kugawa chakula kwa wajane ilipewa heshima ya kuwekewa mikono. Sijawahi kuona sisi tukimwekea mikono mlezi wa chekechea.

Binti aliyemtunza mama mkwe wangu sasa ni mama wa watoto wawili. Tunakutana kanisani, tunasalimiana, na hajawahi kulirudia swali lake. Mimi ndiye ninayelikumbuka, kila nikiona msichana mwingine amekabidhiwa mgonjwa au kichanga na mfuko wa nguo zake, akiahidi kwa moyo wake wote kwamba atafanya vizuri. Mkutano wa ushirika ujao nitaomba jambo hili liwe kwenye ajenda, kabla ya lile la rangi ya ukuta. Naomba mniunge mkono.