Kuchagua Gitaa la Kujifunzia

Binamu yangu aliuza mbuzi wawili ili anunue gitaa, nami ndiye niliyefuatana naye dukani. Palikuwapo moja jekundu, linang'aa hata unajiona uso, nikamwambia, "Ndugu yangu, chukua hili." Baada ya miezi miwili nililikuta limetundikwa ukutani. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka, naye alikwisha kukata shauri kwamba Mungu hakumjalia kipaji cha muziki. Nililishika mwenyewe, nikaona haya. Nyuzi zilikuwa zimeinuka mbali na shingo, hata mtu mwenye mikono ya jembe asingeweza kuzibana pasipo maumivu. Kosa halikuwa lake; lilikuwa langu mimi niliyechagua kwa rangi.

Tangu siku ile nimewauliza wapigaji wenye ujuzi. Msomaji, kabla hujatoa fedha zako, litazame gitaa kutoka upande wa kichwa kama atazamavyo mwenye kulenga bunduki. Shingo ikiwa imepinda kama upinde, liache. Kisha hesabu vile vyuma vidogo vinavyokingama shingoni hadi cha 12, upime nafasi iliyopo kati yake na nyuzi. Ikizidi milimita 4, mwanafunzi atateseka bure. Bana kila uzi papo hapo kwenye cha 12: yafaa utoe sauti ileile ya uzi ulioachwa wazi, ila nyembamba zaidi. Zisipolingana, gitaa hilo halitapatana na mengine, hata ukaze nyuzi namna gani. Mikwaruzo ya gitaa kuukuu isikutishe; tazama tu kama kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni hakijaanza kubanduka.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Wengi wetu hutamani mlio kama wa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimnasa sauti mwaka 1952 huko Jadotville katika Kongo, mji uitwao sasa Likasi. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, ungedhani ni watu wawili. Mlio ule ni wa nyuzi za chuma. Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole vya mwanafunzi, wala si aibu kuanza nazo. Lakini usitie kamwe nyuzi za chuma katika gitaa lililoundwa kwa nailoni. Za chuma zote sita huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, na za nailoni kilo 40 hivi. Ubao wa mbele utabinuka.

Gitaa lile jekundu tulilipeleka kwa seremala. Alikipiga tupa kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi, zikashuka, naye akataka malipo yasiyofika bei ya kuku. Sasa binamu yangu hupiga kila jioni akisha kukamua ng'ombe. Anataka kununua la pili, lakini amekataa katakata nisifuatane naye dukani.