Uwanja wa Goma ufunguliwe, mkunga alipwe

Na Zuhura Makame

Mzazi akianza kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, ana muda wa saa mbili hivi, pengine pungufu. Mkunga aliyezoea kazi huligusa tumbo, akakuta mji wa mimba umelegea, na papo hapo anajua la kufanya. Analikanda tumbo, anachoma sindano ya oksitosini, anamweka mtoto ziwani, na hali ikizidi anatafuta damu. Sindano yenyewe si ghali, ila inataka friji yenye nyuzi 2 hadi 8. Friji inataka umeme, jenereta inataka mafuta, na mafuta yanataka barabara isiyo na vizuizi vya watu wenye bunduki. Ndivyo vita vinavyomuua mama ambaye hakuguswa na risasi.

Mashariki ya Congo hata hospitali yenyewe haikuachwa. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouingia mji wa Goma, hospitali ya wazazi ya Charité Maternelle ilipigwa kwa mizinga. Umoja wa Mataifa ulisema miongoni mwa waliodhurika ni wajawazito na vichanga. Mkataba wa Nne wa Geneva umekataza jambo hilo tangu 1949, tena kwa kuwataja wazazi waziwazi. Siku hizohizo Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini humo, ikasimamisha fedha zake. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Benki zikafungwa.

Naliona hilo la benki kuwa zito kuliko tunavyolichukulia, maana benki ikifungwa mshahara wa mkunga haufiki. Wahisani hupenda kutoa mashine, kwa kuwa mashine hupigwa picha. Lakini mtoto njiti anaweza kuokolewa kwa kufungwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá mwaka 1978 kwa sababu mashine za kutunzia watoto hazikutosha. Kwa kinamama wanaotokwa damu vipo vidonge vya misoprostoli, ambavyo havihitaji friji. Kwa kifafa cha mimba ipo magnesiamu salfeti, dawa ya siku nyingi. Vyote hivyo vinamtaka mtu aliyefunzwa, aliye macho saa nane za usiku, anayemfundisha mama namna ya kumfunga mtoto na kurudi kila mara kutazama kama anapumua. Mtu huyo naye ana kodi ya nyumba na watoto wa kulisha. Asipolipwa miezi kadhaa, ataondoka, na hatuna haki ya kumlaumu.

Ndiyo maana nasema fedha yoyote itakayokwenda Goma, Bukavu au Masisi ianze na posho ya wakunga, ifuate dawa, kisha mafuta ya jenereta na pikipiki ya kumbeba mzazi. Mashine zije baadaye.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kujiweka kando. Congo ni mwanachama wa jumuiya yetu, EAC, tangu 2022. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za EAC na za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, walikutana hapa Dar es Salaam, wakataka uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe na misaada ipite. Miezi ikapita. Tarehe 30 Oktoba, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa akatangaza huko Paris kwamba ndege za misaada zingeanza kutua tena Goma. M23 wakapinga. Katika miezi yote hiyo wanawake hawakuacha kuzaa.

Azimio la Februari lilitolewa katika mji wetu, kwa jina letu. Waheshimiwa wabunge wa Afrika Mashariki, mkikaa Arusha ulizeni nani alikabidhiwa kulifuatilia azimio hilo na amefikia wapi. Majibu yake yasomwe hadharani, wakunga wa Goma nao wayasikie.