Nyufa Zizibwe, Visima Visalimike

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twakubali. Lakini ufa wa ardhini ukizibwa kwa dawa isiyofaa, anayelipa gharama ni mnywaji wa maji ya kisima.

Wajenzi wa mahandaki na misingi mikubwa husukuma kemikali ardhini ili zigande na kuzuia maji. Mojawapo ni akrilamidi. Ikishaganda haina madhara makubwa. Kabla ya kuganda ni sumu ya mishipa ya fahamu. Penye maji mengi yaendayo kasi, huchukuliwa nayo ikiwa bado haijaganda.

Mwaka 1974, katika Mkoa wa Fukuoka, Japani, watu watano wa familia moja walidhurika kwa kunywa maji ya kisima kilichokuwa mita chache tu kutoka mahali palipotiwa dawa hiyo. Mwaka huo huo Serikali ya Japani iliweka masharti makali juu ya matumizi ya kemikali za namna hiyo. Hata hivyo, mwaka 1997 mkasa ulijirudia Uswidi, katika handaki la reli la Hallandsås. Samaki walikufa, ng'ombe walipooza, wafanyakazi walidhurika na kazi ikasimamishwa. Handaki hilo, lililoanza kujengwa mwaka 1992, lilifunguliwa mwaka 2015.

Kwetu visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye mapango na nyufa, ambamo maji hupita upesi bila kuchujwa vya kutosha. Tegemeo letu ni visima na chemchemi. Hatuna mto mkubwa wa kukimbilia.

Hatusemi kemikali zote zipigwe marufuku. Tunasema kwamba kabla ya kibali kutolewa, mkandarasi aitaje dawa yake kwa jina, na visima vya jirani vipimwe kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha akrilamidi kisichozidi mikrogramu 0.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Sumu ndogo kiasi hicho haionekani kwa macho wala haijulikani kwa kuonja, hupimwa maabara. Matokeo na yasomwe hadharani katika shehia.

Afisa atiaye sahihi bila kuuliza asidhani ameharakisha maendeleo. Maji ni amana ya wananchi mikononi mwake.