Kuaga na Usalama wa Mwanafunzi Mgeni

Tangu miaka ya 1970, ilipoanzishwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, Zanzibar imekuwa ikipokea wageni wanaojifunza Kiswahili, na baadhi yao hukaa na familia za wenyeji. Vyuo vinavyowatuma huwapa kanuni: saa ya kurudi usiku, ruhusa ya kusafiri, namba ya simu ya msimamizi. Kanuni hizo ni za lazima. Hata hivyo, humfunga mwanafunzi kwa chuo chake na kumwacha kando mwenye nyumba, ilhali yeye ndiye wa kwanza kutambua kwamba mtu hajarejea.

Katika nyumba ya Waswahili, atokaye huaga: husema aendako na wakati atakaorudi. Kuaga si adabu tu, bali pia ni ulinzi. Akichelewa, hujulikana pa kumtafutia. Mwanafunzi asiyelijua hilo huweza kudhani kuwa swali la “Unakwenda wapi?” linamwingilia faragha yake, akatoka kimya.

Yafaa, basi, kanuni ziandikwe kwa Kiswahili pia, zijadiliwe na wenye nyumba kabla wageni hawajafika, na kuaga kufundishwe pamoja na maamkizi. Msimamizi aliye mbali hawezi kumtafuta mtu ambaye hajaambiwa kuwa amepotea.