Mama Asemapo "Alhamdulillah, Najiweza"



Katika maswali yanayotufikia, lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba muulizaji aona haya: mzee wetu aliyepata ulemavu uzeeni, je, ana haki yoyote serikalini, na je, yafaa kwetu kuiomba?

Tunaanza na sehemu ya pili, kwa kuwa ndiyo inayowazuia wengi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 43, imeitwika serikali jukumu la kuwapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Ibara ya 54 imewataja watu wenye ulemavu, na ya 57 imewataja wazee. Basi hii ni haki, si sadaka ya mtu. Wala si jambo geni katika historia yetu. Kadhi Abu Yusuf amesimulia katika Kitab al-Kharaj kwamba Sayyidna Umar, Mungu amuwie radhi, alimkuta mzee kipofu, naye si Muislamu, akiomba mlangoni mwa watu. Akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza Baitulmali amtazame mzee huyo na wenziwe. Anayedhani kwamba fedha ya hazina ya umma inamshushia mzee hadhi na aizingatie habari hiyo.

Tuje kwenye sehemu ya kwanza. Tunaijua familia moja, asili yao Mombasa, ambayo sasa makazi yake ni Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, katika barabara itokayo Nyeri kwenda Nanyuki. Mama wa nyumba hiyo alipatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 66. Mkono na mguu wa kulia vikapooza. Asubuhi za huko zina baridi ya kuingia mifupani, na mwili uliopooza hukakamaa zaidi. Hawezi kuinuka kitandani bila kuinuliwa, na maji ya udhu humiminiwa na bintiye. Jamaa waliokuja kumjulia hali wakasema, "Ni uzee tu." Kauli hiyo, ingawa husemwa kwa nia ya kuliwaza, imewanyima haki wazee wengi. Sheria haisemi kwamba ulemavu uliomjia mtu akiwa na miaka 66 ni mdogo kuliko ule aliozaliwa nao.

Umri wake nao ulikuwa na hesabu yake. Mpango wa Inua Jamii una milango zaidi ya mmoja. Mlango wa wazee ni wa waliotimiza miaka 70, na tangu 2018 uliwekwa wazi kwa kila mzee wa umri huo asiyepokea pensheni. Mama huyu hakuwa ameufikia. Uliobaki ni mlango wa watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza 2011, nao humkusudia yule anayehitaji mtu wa kumwangalia daima: kumlisha, kumpeleka msalani, kumkinga na hatari. Nyumba yenyewe iwe fukara, na mhusika asiwe anapokea ruzuku nyingine ya mpango huohuo.

Hatua ya awali ni tathmini ya ulemavu, ambayo hufanywa na jopo la matabibu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Hapa ndipo tunapotaka mama zetu na dada zetu watusikilize sana.

Siku ya kwenda hospitali mjini Nyeri, binti alimwosha mamake, akamfukiza udi, akamvisha buibui lake jema. Ni adabu yetu. Hatumtoi mzee mbele za watu ila yu katika stara. Daktari akamwinamia kwa upole akamuuliza, "Shosho, unajiweza?" Naye akajibu kama alivyozoea kujibu maisha yake yote: "Alhamdulillah, najiweza."

Daktari huandika anachokisikia. Kwetu sisi neno lile ni shukrani kwa Mola, wala si ripoti ya afya. Lakini likiingia kwenye fomu, huwa ni ushahidi kwamba mgonjwa hana haja. Binti alikuwa na karatasi mkobani. Kwa wiki nzima alikuwa ameandika kila jambo alilomfanyia mamake, usiku na mchana. Hakutaka kumkanusha mzazi mbele ya mgeni. Akamwambia, "Mama, niwie radhi, nimweleze daktari mambo ya usiku?" Mama akageuza uso ukutani, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mweleze."

Karatasi ikasomwa: mara ngapi huinuliwa usiku, nani humlisha, siku aliyoanguka akitafuta njia ya msalani, kifungo asichoweza kukifunga. Hapakuwa na neno lililotiwa chumvi, wala halifai kutiwa. Kusema uongo ili kupata fedha hii ni kumdhulumu mwenye haki aliye nyuma yako. Ila kuficha nako hupotosha tathmini. Tunashauri ruhusa ya mzee iombwe nyumbani, kabla ya safari, asije akaombwa mbele ya watu kama mama huyu.

Ripoti ilipotoka, maombi yalipelekwa kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo siku hizi husajili kupitia eCitizen, pamoja na kitambulisho na picha. Kadi ikapatikana. Wengi hudhani kadi ndiyo fedha; sivyo. Kadi humthibitisha mtu, na humwezesha kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu. Ruzuku huombwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii na kwa chifu, tena usajili hufunguliwa kwa awamu, na orodha huthibitishwa barazani mbele ya wakazi. Yafaa chifu aijue nyumba yenu kabla ya awamu kutangazwa. Familia hii ilingoja sana.

Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingine huchelewa, zikaja za miezi kadhaa kwa pamoja. Si nyingi. Lakini nepi za watu wazima hununuliwa, na nauli ya kliniki haikopwi tena kwa jirani.

Limebaki jambo la mlezi, yaani mtu anayeandikishwa kuipokea fedha kwa niaba ya mgonjwa. Katika nyumba zetu nyingi huandikwa mwana wa kiume mkubwa, hata kama yuko mbali. Kaka wa binti huyu yuko, na ni mtu mwema. Mama mwenyewe alipoulizwa, alimtaja bintiye, akaongeza kwamba anayeijua bei ya nepi ndiye azishike fedha.