Tumbo Lisilo na Jina

Mficha maradhi, kilio humfichua. Naam, lakini mgonjwa atayatajaje maradhi yasiyo na jina katika lugha yake? Kwa miaka mitatu nimesumbuliwa na utumbo: leo kuhara, kesho kufunga choo, tumbo kusokota na kujaa gesi, ilhali vipimo havionyeshi kidonda chochote. Nilipotafuta maelezo ya Kiswahili mtandaoni, nilipata “utumbo wenye hasira”, tafsiri sisisi isiyomfaa mtu, na matangazo ya waganga.

Kwa Kiingereza mambo yamo wazi. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, wanavyotumia matabibu, vinataja maumivu ya angalau siku 1 kwa wiki kwa miezi 3, yanayoambatana na mabadiliko ya choo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wameonyesha kuwa vitunguu, maharagwe na ngano huweza kuyachochea. Aidha, anayeona damu chooni au kukonda bila sababu hana budi kumwona daktari upesi.

Je, mama yangu kijijini ayasome wapi haya? Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini urasmi huo haujamfikia mgonjwa. Wanakiswahili wenzangu, tunaochambua tamathali usiku kucha, tuketi na matabibu, tuunde istilahi na kuandika vijitabu. Nami nitaanza na jina la maradhi yangu, bila haya.